Mtutu wa bunduki ya mtumba una kutu na umejaa uchafu: usiukatie tamaa, ila usiusugue hovyo (uzi mrefu)

Mjukuu wa Keya (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Niko Pennsylvania huku Marekani mwaka wa tisa sasa, na wenye kuishi huku mnajua Jumamosi ile baada ya Thanksgiving nusu ya watu kazini hawaonekani, wako porini wanasaka paa. Mwaka huu nikasema na mimi niwe na bunduki yangu badala ya kuazima kila msimu. Kibali cha kuwinda ninacho, green card ninayo, nikajaza fomu ile ya 4473 ya serikali ya kununulia bunduki, nikakaguliwa, mambo yakapita.

Bunduki yenyewe ni Mosin-Nagant 91/30, raifo ya Warusi ya bolti (komeo la chuma la nyuma unalolivuta kwa mkono), imetoka kiwanda cha Izhevsk mwaka 1942, ina ile alama ya pembetatu yenye mshale ndani. Ilikuwa imesimama pembeni dukani na karatasi imeandikwa mtutu mbaya. Nikamulika ndani kwa simu, giza. Yaani kama unachungulia bomba la jiko la kuni. Mwenye duka akanishushia bei mpaka dola 240 maana hakuna aliyeitaka, watu wakimulika wanairudisha. Zamani hizi zilikuwa zinauzwa chini ya dola 100 lakini hiyo enzi imepita.

Nimeinunua kwa sababu ya babu yangu, wala sioni aibu kusema. Babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alipelekwa Burma mwaka 1944 na ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, alibeba .303 ya Waingereza. Tukiwa wadogo alikuwa anatusimulia habari za mvua ya kule na matope, na kitu kimoja alikuwa anakirudia sana, kwamba jioni mkishamaliza kupiga risasi maji ya moto yanaanza kwenye mtutu. "Bunduki inakunywa chai kwanza, ndo askari anakunywa." Walikuwa na faneli maalumu, unaingiza nyuma kwenye chemba (pale risasi inapokaa) unamwaga maji yanayochemka yanatokea mdomoni. Sisi tulidhani ni hadithi tu. Nimekuja kuelewa huku, miaka mingi baada ya yeye kuondoka, alikuwa anatufundisha kitu cha kweli kabisa.

Sasa nieleze nilichofanya, maana nimetafuta kwa Kiswahili sijaona mtu ameandika vizuri.

Kwanza kabla ya yote, hakikisha haina risasi. Fungua bolti, tazama kwa macho, ingiza kidole kwenye chemba, afu toa bolti kabisa uiweke pembeni. Risasi zisiwe hata kwenye chumba hicho. Hili sirudii tena.

Nikaweka karatasi nyeupe upande wa chemba nikaimulika, nikachungulia kwa mdomoni. Mifereji ya ndani (Mosin ina minne, inazunguka kuelekea kulia) nusu ya kwanza haionekani kabisa, pamejaa kitu cha kahawia chenye manyoyamanyoya kama mahameli. Karibu na mdomo kwenye vilima vya mifereji kuna michirizi inang'aa rangi ya sarafu mpya. Hapo ndo nikajua sina uchafu mmoja, nina uchafu wa aina tatu umelaliana tabaka kwa tabaka, na kila mmoja una dawa yake. Wengi wanaharibu hapa, mtu anachukua dawa moja anasugua wiki nzima afu anasema mtutu umekufa.

Kuna masizi, huo ni moshi wa baruti uliokaukia. Kuna shaba, maana vichwa vya risasi za kisasa vimevishwa koti la shaba na kila kimoja kikipita kinaacha kidogo ukutani. Na kuna kutu. Kutu ndo mwenye historia, kwa sababu risasi za zamani za jeshi fataki zake (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) zilitengenezwa kwa klorati ya potasiamu. Ikilipuka inabaki kloridi ya potasiamu, na hiyo ni chumvi, binamu yake chumvi ya jikoni. Inakaa mle ndani inavuta unyevu wa hewani kama chumvi ya kwenye kopo inavyolowa msimu wa mvua, na chuma kinaanza kuliwa usiku uleule.

Na mafuta hayaitoi. Fanya jaribio nyumbani, weka kijiko cha chumvi kwenye mafuta ya kupikia ukoroge mpaka kesho, utaikuta imekaa chini vilevile. Weka kwenye maji ya moto, haichukui muda imeyeyuka. Kwa hiyo kuna watu walikuwa wanasafisha Mosin zao kwa mafuta mazuri ya bei, kitambaa kinatoka kisafi, wanafurahi, kumbe wamefunika chumvi kwa mafuta. Wiki ijayo kutu. Babu na birika lake walikuwa sahihi.

Usiku wa kwanza nikachemsha maji, birika zima, nikavaa glavu nene, nikaunga faneli na kampira kafupi mpaka kwenye chemba ili maji yasiingie kwenye mbao, mdomo nimeuelekeza kwenye ndoo. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. La pili hafifu. La tatu karibu meupe. Raha ya maji yanayochemka ni kwamba mtutu unapata moto wenyewe unajikausha, nikapitisha vitambaa vikavu viwili, palepale mafuta.

Halafu nikaweka mafuta ya kupenya (mimi nimetumia Kroil) nikaulaza mpaka kesho yake, mdomo ukiwa chini ili mafuta yasitiririkie kwenye kitako. Kesho yake brashi ya bronzi, kutokea nyuma kwenda mbele, safari ishirini hivi, kila safari brashi inatoka nje kabisa ndo unairudisha, usigeuzie katikati. Vitambaa vya mwanzo vilitoka vyeusi kama mgongo wa sufuria, kwenye cha saba hivi ukaanza kutoka ukahawia wa kutu, umelainika kama unga wa ugoro. Nimerudia hivyo jioni tatu. Jioni ya nne kwa mara ya kwanza nikaona mifereji yote minne inazunguka kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikamwita mke wangu aje aone.

Shaba nimeanza nayo jana. Nitaleta mrejesho. Wenye uzoefu njooni, na wenye maswali pia.

dogo_wa_Mwenge

Mkuu uzi mzuri ila mbona unajitesa hivyo, si ufunge stilwaya kwenye rodi uweke kwenye drili dakika tano umemaliza? Au msasa mlaini. Mimi bomba za pikipiki ndo nafanya hivyo.

Mjukuu wa Keya

Hapana ndugu yangu, tafadhali. Bomba la pikipiki kazi yake ni kupitisha moshi tu. Mtutu ndani kuna mifereji inayomzungusha kichwa cha risasi ili kiende moja kwa moja, na kingo zake lazima ziwe kali. Hii yangu kimo cha mfereji ni kama milimita 0.15 tu, kutoka 7.62 mpaka 7.92 kwa kipenyo chote. Drili na msasa dakika moja kingo zimelala, na inazunguka kama gurudumu wakati mifereji inapanda kwa mshazari, kwa hiyo inakata kinyume na njia yake. Kutu ilichokula huwezi kurudisha lakini kilichobaki bado ni chako, usikimalize kwa mkono wako.

Nairobi_Magharibi

Boss, story ya babu yako imenigusa, wangu pia alikuwa huko Burma. Sasa swali, kuna jamaa wangu yuko Texas ana SKS, ile rifle ya Warusi ya kujipakia yenyewe, yeye husema anapulizia tu ile Windex ya kuosha vioo ndani ya barrel, ati amonia inamaliza hiyo chumvi. Ni ukweli?

Mjukuu wa Keya

Karibu sana ndugu. Inamsaidia, ila si kwa sababu anayoidhani. Amonia haiui ile chumvi, chumvi si asidi kwamba utaituliza. Kinachofanya kazi mle kwenye chupa ni maji, hayo mengine ni rangi na harufu. Kwa hiyo maji matupu ya bomba yanamtosha bure, mradi yawe mengi na akaushe vizuri afu apake mafuta. Anayepulizia mara mbili tatu tu amelowesha chumvi hajaitoa.

Tena SKS mitutu yake mingi imepakwa kromu ndani kwa hiyo inamvumilia. Mosin haina kromu, ni chuma kitupu. Lakini mwambie asisahau bomba la gesi na pistoni yake, mle nako chumvi inaingia.

Mzee wa Karakana

Nimesoma yote. Umefanya vizuri kijana, ila naongeza manne matano maana hizi kazi nimezifanya muda mrefu na naona vijana wanaruka hatua.

Kabla hujaanza kusugua chochote, angalia mtutu umenyooka na haujavimba. Mulika ndani ukiwa umetulia, ukiona kivuli cha duara kama pete sehemu moja, halafu upitishe kidole kwa nje pale ujisikie kama pana uvimbe, hiyo bunduki iliwahi kupigwa na kitu kimeziba ndani. Hiyo haisafishwi, hiyo haipigwi tena.

La pili ni mdomo. Usahihi wa bunduki unaamuliwa pale risasi inapoachia chuma. Hizo Mosin wanajeshi walikuwa wanasafisha kutokea mbele kwa ile rodi ya chuma inayokaa chini ya mtutu, rodi inakwaruza mdomo miaka na miaka mpaka unakuwa kama faneli. Ndio maana utakuta nyingine mdomo umechimbwa kwa ndani sentimita kadhaa, mafundi wa kule walitoa sehemu iliyolika wakaanza upya kwa ndani. Chukua kichwa cha risasi kitupu, hakina baruti wala ganda, kisimamishe mdomoni uone kinazama kiasi gani. Kikizama chote hakuna kinachokishika, pale mbele pameisha au pamechimbwa, angalia ni lipi. Kikibaki nje sehemu nzuri, mshukuru Mungu. Wewe umetumia kutokea nyuma, umefanya sawa, endelea hivyo.

La tatu, kabla ya risasi ya kwanza mpe fundi bunduki akupimie nafasi kati ya bolti na ganda kwa vile vipimo vyake. Bolti za hizi zilichanganywa mno kwenye maghala. Namba ya bolti na ya mtutu zikifanana si ushahidi, nyingine ziligongwa upya.

Na usitafute kioo. Mtutu wa kijivu wenye vishimo unaweza kupiga vizuri kushinda unaong'aa ulioisha mdomo. Ukishaona vishimo umefika chini, acha.

Mjukuu wa Keya

Mzee shikamoo. Nimefanya la kichwa cha risasi usiku huuhuu, kimebaki nje karibu nusu sentimita kwenye sehemu pana, nadhani nina bahati. Pete sijaiona. Fundi nampelekea Jumatatu.

Mrejesho wa shaba: nimetumia Sweet's 7.62, ina amonia kali, lazima dirisha wazi maana inachoma macho kama umekata vitunguu kilo tano. Kitambaa kimelowa unapitisha, unasubiri, usizidishe dakika 15 maana ikikaukia ndani inaanza kugusa na chuma, afu unatoa. Kitambaa cha kwanza kilitoka buluu. Si buluu hafifu, buluu kama wino wa peni. Hiyo ndo shaba imeyeyuka. Na chini ya hiyo shaba kikatoka kijeusi tena, masizi ya zamani yaliyofunikwa, na chini ya hayo kutu nyingine kidogo. Matabaka kama nilivyosema. Ndo maana unazungusha, dawa ya masizi, dawa ya shaba, kukausha, mafuta ya kupenya, kesho tena.

Shida yangu ni kwamba siku ya tatu buluu bado inatoka, ileile, haipungui. Nimechoka kidogo.

Mzee wa Karakana

Marahaba. Hiyo ncha ya rodi yako inayoshika kitambaa ni ya nini? Na unasugulia brashi gani?

Mjukuu wa Keya

Ncha ni ya shaba nyeupe, ilikuja kwenye seti ya vifaa. Brashi ni ileile ya bronzi.

Mzee wa Karakana

Basi unasafisha vifaa vyako, siyo mtutu. Dawa inakula ncha na brashi inakuletea buluu. Ukiwa kwenye dawa ya shaba tumia brashi ya nailoni na ncha ya plastiki au ya alumini. Na hiyo ya bronzi ioshe, la sivyo itakuishia.

Mjukuu wa Keya

Nimebadilisha. Kitambaa cha kwanza buluu hafifu, cha pili cheupe. Mzee asante sana, nilikuwa nimebakiza kidogo niseme mtutu haufai.

chuma_ulete_88

Wakuu na siki je? Nimeona jamaa video moja analowesha vyuma vya kutu kwenye siki usiku kucha vinatoka vipya. Mwingine anachanganya siki na ile haidrojeni peroksaidi.

Mjukuu wa Keya

Siki inatoa kutu kweli, kwenye nondo au panga sawa. Kwenye bunduki inaondoka pia ile rangi nyeusi ya nje ambayo ndo kinga yake, na ndani ikibaki kidogo inaendelea kula wewe umelala. Ukiisuuza tu bila kuituliza kwa maji ya magadi, kutu inarudi kabla hujameza chai.

Hiyo ya kuchanganya na peroksaidi naomba usiguse kabisa. Ile inayeyusha risasi, yaani madini ya risasi, inakuwa sumu ya majimaji ambayo inapita kwenye ngozi na huwezi kuimwaga popote. Ukiisahau dakika chache imeshaanza kula chuma. Na kwa vile tunatumia dawa za amonia, jiki isikae hata chumba kimoja nazo, zikikutana ni hewa ya kuua.

Mikono pia jamani. Vitambaa vile vina risasi na masizi ya fataki, vaa glavu, osha kwa sabuni na maji baridi kabla hujagusa mtoto au chakula.

Mkulima Songea

Wakuu nimefuatilia toka juu, mmenifungua macho. Mimi ni mkulima, marehemu mzee alituachia raifo kubwa ya BRNO ya .375, ZKK 602, ilikuwa ya kulinda shamba, tembo wanapita huku. Polisi nilishakwenda, bunduki ilikaa kwao mpaka mirathi ikaisha, leseni sasa imetoka kwa jina langu juzi ndo nimekabidhiwa. Ilikuwa ndani ya ala ya ngozi muda wote, miaka sita. Nje ina madoa ya kutu upande mmoja. Ndani sijachungulia vizuri ila naona giza. Hizo dawa mnazotaja huku hakuna, na nilikuwa nataka niende nikajaribu risasi moja nione kama inafanya kazi.

Mjukuu wa Keya

Ndugu pole na msiba. Hongera kwa kufuata utaratibu. Ila hiyo risasi moja USIPIGE. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi.

Toa bolti, mulika. Giza linaweza kuwa kutu, na linaweza kuwa kitu kimeziba. Huko kwetu nyigu wanapenda sana tundu la upana ule, wanajenga kwa udongo mle ndani unakauka unakuwa kama tofali. Risasi ya .375 ikikutana na hicho kitu mtutu unapasuka mbele ya uso wako. Kama mwanga haupiti, chukua ufito wa mbao ulionyooka, ingiza kutokea nyuma polepole uone unafika wapi. Udongo ulainishe kwa maji kwanza, usigonge kwa nyundo.

Na ala ya ngozi iache kabisa. Ngozi inatunza unyevu na ina chumvi za kutengenezea, bunduki inapumzika kwenye kitambaa kikavu cha pamba chenye mafuta kidogo, mahali penye hewa na penye kufuli.

Mzee wa Karakana

Dawa ipo hapo Songea, nenda duka la spea. Mafuta ya taa na ATF, yale mekundu ya gia za magari, nusu kwa nusu kwenye chupa ya kioo, mbali na moto. Hayo yanapenya na yanatoa masizi. Chumvi maji ya moto. Vitambaa fulana ya zamani ya pamba. Brashi ndo kazi, usitumie ya kipenyo kingine, ulizia maduka ya silaha Dar wakutumie ya .375. Ukimaliza mpelekee fundi bunduki mwenye leseni aikague kabla ya risasi.

Mjukuu wa Keya

Mrejesho wa mwisho kwangu. Fundi amepima, nafasi ya bolti iko ndani ya kipimo. Jumamosi nimekwenda uwanja wa shabaha, risasi mpya za 7.62x54R zenye ncha laini, maana paa huku hapigwi kwa risasi ya jeshi ya ncha ngumu. Yadi 100, nimeegemeza. Tano za kwanza zimetawanyika inchi sita, ukubwa wa sahani ya chai. Kumi za kati zikakaza. Tano za mwisho inchi tatu na nusu, kwa bunduki ya 1942 yenye vishimo ndani kama ngozi ya ndimu, mimi nimeridhika kabisa, paa ndani ya yadi 100 inanitosha.

Ila vishimo vinakwangua shaba haraka, baada ya risasi ishirini kitambaa tayari buluu, kwa hiyo hii nitakuwa naisafisha kila ninaporudi na kuikagua siku tatu zinazofuata. Siku ya kwanza kitambaa kilirudi na doa la kahawia, ya pili doa dogo zaidi, ya tatu hamna kitu.

Mkulima Songea

Wakuu. Nimefanya kama mlivyoelekeza. Ufito umeingia kama futi moja ukagota. Nikamwaga maji vuguvugu nikasubiri, nimefanya hivyo mara nne toka asubuhi. Umetoka udongo wa nyigu mgumu urefu wa kidole changu, na ndani yake maganda ya buibui makavu. Nimekaa chini kwanza. Juzi nilikuwa naitia risasi hii.

Mjukuu wa Keya

Alhamdulillahi. Sasa pitisha kitambaa kikavu, mulika tena kutokea pande zote mbili, wakati mwingine wanajenga vyumba viwili.